Jinsi ya Kumtembelea Mfinyanzi wa Kujitegemea na Kuchagua Chombo Kilichotiwa Nakshi kwa Mkono

Wanaotaka kumtembelea mfinyanzi kwa mara ya kwanza huuliza maswali yaleyale. Je, ni lazima kutoa taarifa kabla ya kufika? Inaruhusiwa kugusa vyombo? Nikitazama kisha nikaondoka bila kununua, nitakuwa nimemvunjia heshima? Kwa nini sahani mbili za seti moja hazilingani kabisa, na kwa nini agizo langu litachukua wiki kadhaa ilhali nilimwona akifinyanga kikombe kwa dakika chache tu? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa kufuata mtiririko wa ziara yenyewe, kuanzia kuomba nafasi hadi kukifikisha chombo nyumbani kikiwa kizima.

Mfinyanzi anayezungumziwa hapa ni yule anayefanya kazi peke yake au na msaidizi mmoja, ambaye hufinyanga, hutia nakshi, huchoma na kuuza mwenyewe. Mtu wa namna hii hana mhudumu wa kupokea wageni, na mara nyingi karakana yake ndiyo duka lake. Muda anaokupa wewe ni muda ambao udongo wake unaendelea kukauka juu ya ubao, na udongo ukishapita hatua fulani haurudishwi nyuma kirahisi. Kwa hiyo jambo kubwa la kujifunza kabla ya ziara ni kutambua kila chombo kiko katika hatua gani ya kazi. Anayelitambua hilo hujua siku ya kwenda, kitu cha kugusa na swali la kuuliza.

Vitu vya kuandaa kabla ya kwenda

Maandalizi si mengi, lakini yakikosekana huiharibu ziara nzima.

- Vipimo vya mahali chombo kitakapokaa. Pima upana wa rafu, kimo cha nafasi ya kabati na kina cha sinki utakaloshea, uviandike. Macho hudanganya ndani ya karakana, kwa kuwa chombo kikubwa kilichozungukwa na vikubwa vingine huonekana kidogo.
- Tepu ya kupimia.
- Viatu vinavyofunika vidole na vyenye soli isiyoteleza. Sakafu ya karakana mara nyingi ina majimaji ya udongo.
- Nguo isiyo na mikono mipana wala ncha zinazoning'inia, pamoja na mkoba mdogo unaoweza kuushika mbele yako. Usiende na begi la mgongoni: ukigeuka, linaparamia rafu usiyoiona.
- Boksi gumu, magazeti mengi na taulo kuukuu moja au mbili.
- Malipo kwa njia ambayo mfinyanzi anaipokea. Muulize mapema, kwani si kila mmoja hupokea kadi.

Ikiwa una pumu au tatizo jingine la kifua, mjulishe mwenyeji kabla ya kufika. Vumbi la udongo mkavu lina madini yaitwayo silika, na likivutwa kwa miaka mingi hudhuru mapafu. Ziara ya saa moja si hatari ya aina hiyo kwa mtu mwenye afya, lakini mwenye kifua chepesi anaweza kusumbuka, na mfinyanzi makini atakuchagulia siku ambayo hakuna kazi ya kukwangua wala kupiga msasa.

Hatua za ziara

1. Amua unafuata nini

Kuna wanaokwenda kununua, wanaokwenda kuagiza, wanaotaka kuona kazi inavyofanyika, na wanaotaka kujifunza. Yote ni sawa, lakini kila moja lina siku yake na muda wake. Ukimwambia mfinyanzi kwamba unataka tu kutazama, atakupangia muda mfupi na hatakaa akisubiri ununue. Ukikaa kimya juu ya hilo, nyote wawili mtakuwa mnakisiana. Kutonunua si kosa. Kosa ni kuchukua saa mbili za mtu kwa kumpa matumaini ambayo hukuwa nayo wewe mwenyewe.

2. Omba nafasi, na uulize kazi iko hatua gani

Andika au piga simu siku kadhaa kabla. Taja mko wangapi, mnakusudia nini na mtakaa muda gani, kisha uliza swali ambalo wageni wengi hawalijui: wiki hii kazi iko hatua gani? Jibu la swali hili ndilo litakalokuonyesha utakachokikuta.

Kwa kawaida chombo hupita njia hii. Hufinyangwa kwa gurudumu au kwa mkono kikiwa na udongo laini. Huachwa hadi udongo ushikane, yaani ubaki na unyevu lakini usibonyee ukibebwa. Hapo ndipo kitako huchongwa, kishikio huunganishwa na nakshi nyingi za kuchanja hutiwa. Kisha hukauka kabisa, polepole, kwa siku kadhaa au zaidi kulingana na unene wake na hali ya hewa. Huingia jokoni, yaani katika tanuri la kuchomea vyombo, mara ya kwanza, kwa kawaida karibu na nyuzi 1000 za Selsiasi, na kutoka kikiwa kigumu lakini chenye kunyonya maji. Hapo hupakwa glezi, ambayo ni mchanganyiko wa madini unaoyeyuka na kuwa tabaka la kioo juu ya udongo. Mwisho huchomwa tena: vyombo vya udongo wa joto la chini huishia takribani nyuzi 1000 hadi 1150, na vya udongo wa joto la juu kati ya nyuzi 1200 na 1300.

Ukitaka kuona nakshi zikitiwa, omba siku ambayo vyombo vimeshikana au siku ya kupaka rangi. Ukitaka kununua, omba siku inayofuata baada ya joko kufunguliwa, kwa kuwa ndipo rafu zinapojaa. Ukifika katikati ya safari hiyo bila kuuliza, unaweza kukuta karakana nzima imejaa vyombo vya kijivu visivyouzika, na mwenye kazi hana la kukuonyesha.

Onyo: usimwombe mfinyanzi afungue joko kwa ajili yako. Baada ya moto kuzimwa, joko la joto la juu huhitaji siku nzima au zaidi kupoa. Likifunguliwa mapema, hewa baridi huvipasua vyombo vilivyo ndani, na kazi ya wiki nyingi inaweza kupotea kwa sababu ya mgeni mmoja asiyeweza kusubiri hadi kesho.

3. Fika kwa wakati uliopangwa

Ukichelewa, toa taarifa. Ukiwahi, subiri nje. Idadi ya wageni isizidi uliyoitaja, na ikiwa unakuja na watoto, mwenyeji awe amekubali tangu awali, kwani rafu za chini ndizo mara nyingi hubeba vyombo vibichi. Wanyama wabaki nyumbani.

4. Kabla ya kugusa chochote, tambua chombo kiko hatua gani

Hapa ndipo hasara nyingi hutokea, na karibu zote hutokana na wageni wema wasiojua. Sheria ya kwanza ni kuuliza, "Hiki naweza kukishika?" kwa kila rafu mpya unayoifikia. Sheria ya pili ni kujua kwa nini unaambiwa usishike.

Chombo kilichofinyangwa punde huacha alama ya kidole papo hapo. Chombo kilichoshikana huonekana imara, lakini ukikibana kidogo mdomoni kinapoteza uduara, na hata mfinyanzi akikirekebisha, mara nyingi hujipinda tena jokoni palepale ulipokibana. Chombo kikavu kisichochomwa ndicho cha hatari zaidi, kwa sababu kinafanana na kitu kigumu ilhali ni dhaifu kuliko hatua nyingine zote: ukikiinua kwa kushika ukingo au kishikio, kipande hubaki mkononi mwako. Kama umeruhusiwa kukibeba, weka kiganja kimoja chini ya kitako na cha pili ubavuni, usikigeuze.

Chombo kilichochomwa mara moja hakivunjiki kirahisi hivyo, na kwa sababu hiyo wageni hukishika bila wasiwasi. Tatizo lake ni jingine. Mafuta ya ngozi, hasa kwa mtu aliyejipaka losheni, huingia katika vitundu vya udongo, na mahali hapo glezi hukataa kushika. Baada ya moto wa pili doa tupu hubaki katikati ya ua lililochorwa kwa uangalifu. Chombo kilichokwisha kupakwa glezi lakini hakijachomwa kina unga juu yake, ambao hutoka kwa mguso mmoja. Unga huo haufai kuingia mdomoni, kwa hiyo kama umeugusa, nawa mikono kabla ya kula au kushika uso.

Kilichobaki ni chombo kilichokamilika, na hicho mfinyanzi atafurahi ukikishika, ukikigeuza na kukipima mkononi. Vyombo vya matumizi vimetengenezwa vishikwe, na kununua kikombe ambacho hujakitia vidole kwenye kishikio ni kubahatisha.

Jambo jingine la usalama: usipulize wala kupangusa vumbi lililo mezani, hata kwa nia ya kusaidia. Karakana husafishwa kwa maji na sponji ili vumbi lisipande hewani.

5. Tazama nakshi inavyotiwa, na utambue aina yake

Chukua muda hapa. Nakshi ya mkono ndiyo iliyokuleta, na kuifahamu aina yake kutakusaidia baadaye kujua chombo kitavumilia matumizi gani.

Kuna nakshi ya kukwangua. Chombo kilichoshikana hupakwa uji wa udongo wa rangi tofauti, kisha mfinyanzi huukwangua kwa ncha ya chuma hadi udongo wa chini utokeze. Tazama kwa karibu ukingo wa mstari: udongo ukiwa na unyevu unaofaa, uzi mwembamba wa udongo hujikunja mbele ya ncha na mstari hubaki safi, ukiwa umekauka mno, ukingo humegukameguka na mstari huwa na meno. Mfinyanzi mzoefu hujua saa hiyo kwa kugusa tu, na ndiyo maana hatakatisha kazi hiyo ili azungumze nawe. Msubiri amalize chombo alichoshika.

Jamaa yake ni nakshi ya kuchanja, ambayo hukata mistari ndani ya udongo wenyewe. Ladi Kwali wa Nigeria, aliyejiunga na kituo cha ufinyanzi cha Abuja mwaka 1954, alichanja mijusi na nyoka kwenye mitungi yake kwa namna ambayo mnyama anaonekana kuuzunguka mtungi wote. Kazi ya aina hiyo haionekani kwa kusimama mahali pamoja; zungukia chombo, au umwombe mwenyeji akizungushe.

Kuna nakshi ya brashi chini ya glezi. Rangi hupakwa kwanza, kisha glezi angavu huifunika, na kwa hiyo kijiko na sponji haviigusi rangi yenyewe. Kuna pia rangi inayopakwa juu ya glezi iliyokwisha kuchomwa na kurudishwa jokoni kwa moto mdogo, pamoja na mistari ya dhahabu ambayo huhitaji moto wake wa tatu. Nakshi hizi za juu hupendeza sana, lakini huchakaa kwa kusuguliwa, na chenye dhahabu hakiingii kamwe kwenye maikrowevu.

Kosa ambalo karibu kila mgeni hulifanya ni kuhukumu rangi ya chombo ambacho hakijachomwa. Kobalti, ambayo hutoa ule buluu uliokolea wa vyombo vya China, kabla ya moto huonekana nyeusi au ya zambarau hafifu iliyofifia. Shaba hutoa kijani katika joko lenye hewa ya kutosha, na katika joko lililonyimwa hewa inaweza kutoa nyekundu. Chuma hutoa kahawia, manjano ya asali, nyeusi, au kijani kibichi chepesi, kulingana na kiasi chake na moto wenyewe. Kwa hiyo usimwambie mfinyanzi kwamba rangi hii hukuipenda huku ukitazama chombo kibichi. Mwombe akuonyeshe vigae vya majaribio, yaani vile vipande vidogo vilivyochomwa ambavyo karibu kila karakana huvitundika ukutani au huviweka kwenye droo.

Tena, si kila pambo ni rangi. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Kenya mwaka 1950, hufinyanga vyombo kwa mkono bila gurudumu, huvisugua hadi ving'ae, kisha moto na moshi ndivyo huvipa wekundu au weusi wake bila glezi yoyote. Ukikuta chombo cha namna hiyo, kichukulie kuwa ni cha kutazamwa, kwa sababu udongo usio na glezi uliochomwa kwa moto mdogo hunyonya maji.

6. Uliza maswali yanayohusu matumizi

Mfinyanzi mwaminifu atajibu maswali haya bila kusita, na ni haki yako kuyauliza:

Je, chombo hiki kinafaa kwa chakula, au ni pambo? Je, glezi ina madini ya risasi au kadimiamu? Zamani risasi ilitumiwa sana kwa sababu huifanya glezi iyeyuke kwa joto dogo na kung'aa, nayo kadimiamu hutoa nyekundu na rangi ya machungwa iliyokolea. Glezi isiyotengenezwa vizuri inaweza kuyaachia madini hayo kwenye vyakula vyenye asidi. Je, udongo umechomwa hadi kukazana na kutopitisha maji? Kinaweza kuingia kwenye maikrowevu, oveni au mashine ya kuoshea vyombo? Majibu ya maswali haya hayategemeani. Chombo kinaweza kuvumilia mashine ya kuoshea na kisivumilie oveni.

Usianze kwa kudai mchanganyiko wa glezi yake. Wapo wanaoueleza kwa hiari, lakini mchanganyiko huo unaweza kuwa ni kazi ya miaka mingi. Vilevile omba ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa za michoro ambayo bado haijauzwa.

7. Kikague chombo kabla ya kukichagua

Ukaguzi mzuri huchukua dakika mbili au tatu, na hakuna mfinyanzi makini atakayeuchukia.

Kiweke juu ya meza iliyo sawa, ubonyeze ukingo upande mmoja kisha mwingine. Sahani pana zinaweza kutikisika kidogo, kikombe hakipaswi. Pitisha kidole taratibu kuzunguka mdomo wote, kwa sababu kijitundu chenye ncha kali hugunduliwa na kidole kabla ya jicho. Kigeuze utazame kitako: sehemu isiyo na glezi iwe imesuguliwa, na mara nyingi hapo ndipo utaona alama au sahihi ya mfinyanzi. Kisha kiweke juu ya kiganja kilichonyooshwa na ukigonge kidogo kwa ukucha. Chombo kizima cha udongo wa joto la juu hutoa mlio unaoendelea kidogo, na chenye ufa hutoa sauti fupi iliyoziba. Vya udongo wa joto la chini huwa na mlio mzito kwa asili, kwa hiyo linganisha na mwenzake wa aina ileile.

Kama kina kifuniko, kizungushe kikiwa mahali pake. Kama ni birika, omba maji na umimine, kwa kuwa mdomo wa birika hauwezi kujulikana kwa kutazamwa: unaofaa hukata maji mara unaporudisha birika wima. Kama ni kikombe, kishike jinsi utakavyokishika kikiwa kimejaa, na uangalie vifundo vya vidole visiguse ukuta wake, la sivyo kinywaji cha moto kitakuunguza.

Sasa tofautisha dosari na alama ya mkono. Mistari ya vidole ndani ya bakuli, ua moja lililo kubwa kuliko la pili, tofauti ndogo ya kimo kati ya vikombe vya seti moja, na mahali ambapo brashi iliishiwa rangi na kuacha mkwaruzo, hizo ni dalili kwamba mtu alikuwa pale. Binafsi huchagua kwanza chombo ambacho mstari wake unaonyesha brashi ilipoanzia na ilipoishia. Lakini ufa unaotoka ukingoni, kishikio chenye mpasuko mahali kilipounganishwa, glezi iliyobanduka au malengelenge ndani ya chombo cha chakula ni dosari, na neno "kazi ya mkono" haliziondoi.

8. Zungumza bei kwa ukweli

Bei ya chombo kimoja imebeba udongo, umeme au gesi au kuni, mioto miwili au mitatu, na pia vyombo vilivyopasuka njiani ambavyo wewe hukuviona. Usimuulize amekitengeneza kwa muda gani kisha ukagawanya bei kwa dakika. Ikiwa bei imekushinda, uliza kama kuna vyombo vyenye dosari ndogo. Wafinyanzi wengi huvitenga na kuviuza kwa bei nafuu, na dosari yenyewe mara nyingi ni doa la glezi lisiloathiri matumizi.

9. Ukitaka kuagiza, kila kitu kiandikwe

Maelewano ya mdomo ndiyo chanzo kikubwa cha malalamiko. Andikeni aina ya chombo, idadi, vipimo vya mwisho, namba za vigae vya rangi mlivyovichagua, maelezo ya nakshi, malipo ya awali, muda, na nani atabeba hasara ya usafirishaji.

Sisitiza kwamba vipimo ni vya chombo kilichokwisha kuchomwa. Udongo husinyaa unapokauka na unapochomwa, na kwa udongo mwingi wa joto la juu jumla ya kusinyaa ni takribani asilimia 10 hadi 13. Sahani ya kipenyo cha sentimita 25, kwa udongo unaosinyaa asilimia 12, lazima ifinyangwe ikiwa na zaidi ya sentimita 28. Ukiiona ikiwa mbichi, utadhani amekosea.

Kubali mapema kwamba vyombo vinaweza kutofautiana kidogo na sampuli, na kama ni seti, omba kimoja au viwili vya akiba, kwa kuwa kukirudia kimoja miezi mingi baadaye, kwa udongo wa shehena nyingine na moto mwingine, hakuleti rangi ileile. Usipeleke picha ya kazi ya mfinyanzi mwingine ukataka inakiliwe. Eleza unachokipenda ndani yake, kama ni wembamba wa mstari au nafasi iliyoachwa wazi, kisha umwache huyu achore kwa mkono wake.

10. Funga vizuri kwa safari

Kila kipande kifungwe peke yake. Kifuniko kiondolewe na kifungwe kando. Kamwe kisiachwe juu ya birika hata kama umekizungushia gazeti. Jaza ndani ya vikombe na mabakuli kwa karatasi zilizokunjwakunjwa, na uzungushie kishikio na mdomo wa birika karatasi ya ziada. Sahani zipangwe wima kwa ukingo wake, maana zikilazwa zile za juu hukandamiza za chini kwa kila mtikisiko. Ukishafunga boksi, litikise kidogo: ukisikia kitu kikisogea, ongeza karatasi. Ndani ya gari liweke sakafuni nyuma ya kiti, ambapo haliwezi kuteleza.

11. Matumizi ya kwanza

Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Usikihamishe chombo kutoka kwenye jokofu hadi kwenye oveni yenye moto, wala usimimine maji yanayochemka ndani ya chombo baridi sana, hata kama umeambiwa kinastahimili oveni. Mabadiliko ya ghafla ya joto ndiyo huvunja, zaidi ya joto lenyewe.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

Mfinyanzi hajibu ujumbe. Huenda yuko katika siku za kuchoma, ambapo joko husimamiwa kwa saa nyingi mfululizo. Subiri siku chache, kisha andika mara moja tena kwa ufupi. Usifike bila kujibiwa.

Umevunja chombo. Sema papo hapo na usijaribu kuviunganisha vipande. Kama kilikuwa kimekamilika, jitolee kukilipa. Kama kilikuwa kibichi, mwachie yeye aamue; udongo usiochomwa unaweza kulowekwa na kutumika tena, lakini nakshi na saa zilizotumika hazirudi, kwa hiyo si sawa kusema kwamba hakuna kilichopotea.

Kitako kinakwaruza meza. Kisugue kwa msasa laini uliolowa maji, polepole, huku sehemu yenye glezi ukiiepuka. Tumia maji ili vumbi lisipande.

Meza inalowa chini ya chombo ambacho hakina ufa. Udongo wake haukukazana, na maji yanapenya kupitia kitako au nyufa nyembamba za glezi. Kitumie kwa vitu vikavu, weka kisahani chini yake, na umjulishe mfinyanzi kama alikuambia hakipitishi maji.

Nyufa nyembamba kama nywele zimejitokeza kwenye glezi. Wakati mwingine ni pambo lililokusudiwa, na mfinyanzi angekuwa amekueleza. Kama zimejitokeza baada ya miezi kadhaa katika chombo cha chakula, hutokana na glezi na udongo kutosinyaa kwa kiasi kimoja. Chombo hakitavunjika leo, lakini nyufa hushika madoa na unyevu, na ni vyema kukihamishia kazi nyingine.

Unatilia shaka glezi ya chombo ulichokwisha kununua. Weka siki kidogo juu ya sehemu yake usiku mmoja, kisha uioshe na kuitazama penye mwanga. Rangi au mng'ao ukibadilika, glezi hiyo si thabiti na chombo kisitumike kwa chakula. Isipobadilika, hiyo bado si hakikisho kwamba haina risasi. Jibu kamili hupatikana maabara.

Agizo limetoka na rangi tofauti. Linganisha kwanza na kigae chenye namba mliyoiandika, mkiwa kwenye mwanga wa mchana. Tofauti ndogo hutokana na sehemu chombo kilipokaa jokoni, kwani joto halilingani juu na chini. Tofauti ikiwa kubwa, muonyeshe maandishi mliyokubaliana, na muulize kama angependa kukichoma tena au kukitengeneza upya. Kuchoma tena husaidia wakati mwingine, lakini chombo kinaweza pia kupasuka, kwa hiyo uamuzi huo uwe wake.

Boksi limefika likiwa na kipande kilichovunjika. Piga picha za boksi, karatasi na vipande kabla ya kutupa chochote, uzitume siku hiyohiyo, na uvitunze vipande hadi mfinyanzi atakapokujibu.